Pua Ilikuwa Kavu

Sista Perpetua alipofariki, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Nilikuwa jikoni kwangu, kisu mkononi na kitunguu kimekatwa nusu, nikasoma ujumbe wa karani tuliyefanya naye kazi zamani: Sista ametuacha, mazishi Jumamosi, nyumbani kwake Moding. Niliusoma mara tatu, kama ninavyosoma kila kitu mara tatu, na kati ya mara ya pili na ya tatu kifua changu kikalegea kama cha mtu aliyetua mzigo. Nikajua papo hapo maana yake. Nilichofanya katika mwaka wangu wa kwanza wa udaktari tulikuwa tunakijua watu wawili tu, na sasa amebaki mmoja, nami ndiye huyo. Huzuni ilikuja baadaye, kama mgeni anayefika chakula kimeshaliwa. Nikamaliza kukata kitunguu, nikakata na cha pili ambacho sikukihitaji, kisha nikapiga simu kazini kuomba ruhusa ya siku tatu.

Mwaka ule nimeusimulia mara nyingi kwa madaktari wachanga. Huwasimulia malori ya Malaba, foleni yake ndefu mpaka unasahau kwamba magari hutembea. Huwasimulia chumba changu nyuma ya gesti, kilichokuwa na dirisha moja linalotazama ukuta, kitanda, mtungi wa gesi na meza ya kukunja. Madereva waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Uganda walipika kando ya barabara, na kila nilichokula kilikuwa na harufu ya dizeli na ya dagaa wa kukaanga, wale wadogo ambao upande wa pili wanaitwa mukene. Huwasimulia pia hofu yangu, kwa sababu hofu ya mtu ikishapita inachekesha. Kila jioni niliketi kwenye ile meza na kuwapitia wagonjwa wa siku nzima, mmoja mmoja. Yule mzee mwenye presha, nilimwandikia kidonge kimoja au viwili? Yule mama mjamzito, nilimpima mkojo au nilikusudia tu kumpima? Siku moja nilichukua bodaboda nikarudi hospitali kuangalia karatasi niliyoiandika mwenyewe mchana. Ilikuwa sawa. Mtoa dawa akaifunga droo yake, akaniambia, "Daktari, wewe ni mgonjwa kuliko hawa wote." Wasikilizaji wangu hucheka hapo, nami hunyamaza hapo.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ndogo, ya serikali, mahali fulani katika upande ule wa mpaka, na walioifanyia kazi walifanya kwa bidii kuliko nilivyostahili kuwashuhudia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka pwani, na katika kila jambo nilijiona mgeni na mpungufu, isipokuwa moja tu. Kiswahili. Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wateso na Waluhya, kila mtu na lugha ya mama yake, na Kiswahili walikivaa kama koti la kuazima, la kwendea sokoni na hospitalini. Mimi nilizaliwa ndani yake. Mgonjwa akisema tumbo yake inauma, nilimjibu, "Tumbo lako linauma wapi?" na nilikaza ile *lako* na ile *linauma* kidogo tu, kwa upole, ili asikie. Niliamini ni adabu. Sasa nafikiri kwamba mtu mwenye hofu nyingi akipata sehemu moja asiyoogopa, huikalia kama kiti cha enzi.

Walinipa jina la Daktari Kamusi, nalo likafika mpaka wodini. Lilizaliwa kwenye chumba cha chai, ambacho zamani kilikuwa stoo ya plasta na bado kilikuwa na vumbi jeupe kwenye nyufa za sakafu. Saa nne asubuhi tulibanana humo: Sista Perpetua na chupa yake kubwa ya chai, karani Wandera, mimi, na yeyote aliyepata nafasi mlangoni. Kulikuwa na muhogo wa kuchemsha, na Sista alikuja na karanga zilizosagwa kwenye kopo la siagi, tukachovya.

"Daktari, chai imeisha ama limeisha?" Wandera aliniuliza siku moja, uso mkavu kabisa.

"Imeisha," nikasema. "Ni ngeli ya I na ZI."

"Asante. Nilikuwa naogopa kuongeza kabla sijajua."

Wakacheka mpaka muhogo ukawapalia. Sista Perpetua akamsukuma Wandera begani. "Wacheni mtoto wa watu. Amekuja na Kiswahili yake kutoka mbali, hata haijashuka kwa gari." Nami nilicheka, lakini nilipofika chumbani nilijiuliza kwa muda mrefu kama sentensi ile ilikuwa ya kunitetea au ya kunisema. Sista alikuwa muuguzi mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na alizungumza Kiteso, Kiluhya, Kiswahili cha huko na Kiganda cha sokoni. Madaktari walionitangulia walimsimamisha kando ya meza ili awatafsirie. Wiki yangu ya kwanza alikuja akasimama pale, mikono nyuma, tayari. Nilimwambia, "Usijali, Sista. Kiswahili ni lugha yangu, nitawaelewa." Akasema, "Sawa, daktari," akarudi kwenye sindano zake.

Mwezi wa tano, katikati ya mvua, vipimo vya malaria vilikaribia kuisha. Ni vile vidogo vya tone la damu la kidole, ambavyo huko mtoto yeyote mgonjwa angepimwa bila hata kufikiri. Shehena ilikuwa imechelewa. Msimamizi wa hospitali, ambaye wote tulimwita Bosi, akabandika karatasi kwenye kila mlango: kipimo ni cha mwenye homa tu, mpaka vingine vifike. Nililipenda lile tangazo. Mtu wa aina yangu hupenda sheria kwa sababu inafikiri kwa niaba yake. Swali moja, jibu moja: homa ipo au haipo.

Mama Akisa aliingia siku ya soko, kabla ya adhuhuri. Alikuwa rika langu, leso yake imelowa mpaka magotini, na binti yake wa miaka mitatu amemfunga mgongoni. Alimshusha akampakata, na mtoto akaegemeza kichwa kifuani mwa mama yake bila kunitazama. Nakumbuka hereni ndogo za uzi masikioni mwa mtoto. Ninazikumbuka kuliko uso wake.

"Mtoto ana tatizo gani, mama?"

"Anakataa kukula, daktari. Anatapika. Ako tu hivi, amelala."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi ya siku mbili, au juzi ya siku nyingi?"

Akatabasamu kidogo. "Ya siku mbili." Nilijisikia vizuri hapo. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba juzi ya huko inaweza kuwa wiki iliyopita, na nilijiona nimefika, nimezama katika maneno ya watu. Kisha nikauliza lile swali.

"Ana homa?"

Mama Akisa akamwinua mtoto kidevu. Akampitishia kidole gumba chini ya pua, akakitazama kile kidole, akakipangusa kwenye leso. "Hapana, daktari. Homa hana."

"Una hakika?"

"Homa hana kabisa."

Nilikiona kile kidole. Hilo ndilo jambo ambalo miaka hii yote sijaweza kulizunguka. Nilimwona akiipapasa pua, na nikawaza tu kwamba ni mama msafi. Kipimajoto kilisoma kawaida. Asubuhi alikuwa amempa mtoto dawa ya maumivu ya dukani, ambayo hushusha joto kwa saa chache, na mimi sikuuliza. Nikaandika kwenye kadi: hana homa. Nikapiga mstari chini yake. Nikampa pakiti za maji ya chumvi na sukari, nikamwambia arudi mtoto asipopata nafuu, kisha nikamsifu. Nilimwambia, "Umejibu vizuri, mama. Ungejua wengine wanavyonizungusha." Sista alikuwa hatua tano nyuma yangu, akimchoma mtu sindano, ametugeuzia mgongo.

Siku ya pili yake walirudi. Sikuwaona wakiingia, nilisikia viatu vya Sista vikikimbia, na Sista hakuwa mtu wa kukimbia. Mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, na ngozi yake ilichoma hata kupitia glavu. Tulifanya yale yanayofanywa. Kipimo, maana sasa alistahili kipimo, kilionyesha mistari miwili kabla sijamaliza kuhesabu. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Tulimpa dawa kwa mshipa, tulimwekea damu, na kwa siku tatu alilala kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine. Nilikuja kumtazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama yake alinishukuru kila mara. Siku ya nne mtoto alifumbua macho, akaomba mkate kwa mkono, na wodi nzima ikafurahi. Asubuhi hiyo hiyo mfagiaji aliangusha karai la bati kwenye sakafu. Watoto wote waliruka, wawili wakaanza kulia, na mimi mwenyewe nilidondosha kalamu. Akisa aliendelea kumega mkate wake. Hakugeuka.

Nilikwenda nyuma ya pazia la kitanda cha jirani, nikijifanya natafuta faili. Nilitaka kusimama mahali ambapo hakuna mtu angeuona uso wangu. Upande wa pili wa kitambaa, shangazi wa mtoto, dada yake baba, alikuwa amefika na uji kwenye chupa, na nilisikia kifuniko kikizungushwa.

"Lakini wewe," shangazi akasema. "Si daktari alikuuliza?"

"Aliniuliza kama ako na homa. Nikasema hana."

"Mtoto anachomeka hivyo unasema hana?"

"Kwani alikuwa na homa? Pua ilikuwa kavu. Nilipanguza nikaona kavu kabisa. Ilikuwa tu mwili moto."

Nilisimama pale mpaka kifuniko kikafungwa. Kisha nikaenda chumba cha chai. Sista Perpetua alikuwa peke yake, anaosha vikombe kwenye beseni.

"Sista," nikasema, "homa huku ni nini?"

Hakuuliza kwa nini nauliza. Alinyanyua mkono wenye povu, akajifuta pua kwa kiwiko, akapenga kidogo. "Hii."

"Na mtu akichomeka?"

"Joto. Mwili moto. Wengine wanasema malaria tu, hata kama hawajapimwa." Akasuuza kikombe, akakipindua juu ya kitambaa. "Ile ya pua kwenu mnaita nini?"

"Mafua."

"Mafua," akasema. Akasuuza kingine. Akangoja. Najua sasa kwamba alikuwa anangoja, maana kile kikombe alikisuuza mara tatu. Nilikuwa na sentensi mdomoni, fupi, yenye maneno yote yanayohitajika. Nikasema, "Ahsante, Sista," nikatoka.

Kikao kilikuwa Ijumaa, chumba cha mikutano chenye kalenda tatu za miaka tofauti. Bosi alipitia kesi za wiki. Alipofika kwa Akisa akainua kadi, akavuta miwani. "Huyu alionekana siku moja kabla ya kulazwa na hakupimwa. Kwa nini?" Nilikuwa sijalala vizuri, na nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, nilikuwa hata nimeuandika kwenye kikaratasi, kikiwa mfukoni mwa koti langu jeupe, na nilikuwa nakishika. Nikasikia sauti yangu, iliyo safi, iliyonyooka, ikisema, "Mama aliulizwa kuhusu homa, akakana. Ipo kwenye kadi." Bosi akasoma. Akaona ule mstari niliopiga chini ya maneno. "Ndiyo hii," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu, kwa sababu naye alikuwa mtu mwema aliyetaka daktari wake mpya awe hana kosa. Sista Perpetua alikuwa mwisho wa meza. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayekataa dawa, halafu akashusha macho kwenye daftari lake.

Yangeishia hapo huenda ningeweza kuyabeba. Lakini Bosi alikuwa mtu wa kufuatilia mambo. Alitoka kikaoni akaenda moja kwa moja wodini, nami nyuma yake, na mbele ya akina mama kumi na kitu akasimama miguuni mwa kitanda. "Mama, ukija hospitali sema ukweli. Daktari hana macho ya kuona nyumbani kwako. Akikuuliza homa, mtoto anachomeka, kwa nini unasema hapana? Sasa ona." Hakupaza sauti. Shangazi akatazama dirishani, kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakutaka kushinda. Mama Akisa akasimama, mikono ameifumbata mbele, akanitazama mimi, si Bosi. Akasema, "Nisamehe, daktari."

Nami nikamwambia, "Si neno, mama."

Nimekwisha kujitetea kichwani mwangu kwa njia zote. Huenda malaria ilikuwa imeshapanda siku ile ya kwanza. Huenda kipimo kingedanganya. Huenda masikio yangekwenda hata kama ningempima mlangoni. Sijui, na hakuna ajuaye. Yule msichana wa miaka ishirini na sita aliyeuliza swali kwa neno lisilofaa ninaweza, siku nyingine, kumsamehe. Siwezi kumpita yule aliyesema "si neno." Alimpa mwenzake mzigo, kisha akamsamehe kwa kuubeba.

Miezi iliyobaki nilifanya kazi vizuri. Niliuliza, "Mwili unakuwa moto? Usiku anachomeka?" Niliuliza hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetumia mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe, ili pasitokee wa kuniuliza nimeanza lini na kwa nini. Niliacha kurekebisha ngeli za watu. Wandera aligundua, akalalamika kwamba kamusi imepotea kurasa. Sista alirudi kusimama kando ya meza yangu, mikono nyuma, bila kuitwa, na sikumwambia aondoke. Siku ya kuniaga walinunua soda na keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na mara hii sikusema kitu. Sista alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umejifunza Kiswahili, daktari," akasema. Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Nilipanda gari la Nairobi asubuhi yake, na kwa miaka kumi na mitatu sikurudi.

Jumamosi ya mazishi jua lilikuwa kali na mahema yalijaa. Kwaya ya kanisa iliimba kwa Kiteso, kisha mwendesha shughuli akaita wafanyakazi wenzake wa zamani, na Wandera, ambaye sasa ana mvi, akanisukuma mbele. Nilishika kipaza sauti. Nikasema kwamba Sista Perpetua alikuwa masikio yetu. Lilinitoka tu, na nilipolisikia nikakumbuka lile karai la bati, lakini watu waliitikia, wengine wakapiga makofi. Nilizungumza vizuri. Hilo nalo linaniaibisha.

Chakula kilikuwa ugali wa wimbi na muhogo, nyama, na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Nilikuwa nimeketi mwisho wa safu, kiti kimezama upande mmoja kwenye udongo, mwanamke akaja na jagi na beseni kuninawisha mikono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akamwaga polepole, akangoja nipake sabuni.

"Daktari Kamusi," akasema.

Nikainua macho.

"Uso ulikuwa umenipotea. Lakini hiyo Kiswahili, ulipoanza kuongea, nikasema hapana, huyu ni yule." Alikuwa amenenepa kidogo, na jino moja la mbele limetoka. "Mimi ni Mama Akisa."

"Nakukumbuka," nikasema. Mikono yangu ilikuwa bado imejaa povu.

"Akisa ako pale." Akaelekeza kwa kidevu. Karibu na jiko la mawe, msichana mrefu alikuwa anapanga sahani, akimtania mwenzake kwa vidole. "Ako kidato cha kwanza, shule ya wasiosikia. Sista ndiye alitafuta hiyo nafasi. Alitembea na barua yake mpaka ikapatikana." Akanimwagia maji ya kusuuza. "Na mimi, kwa chama chetu cha akina mama, huwa nawaambia: mkienda hospitali msidanganye daktari. Mimi nilidanganya, na mnaona. Wananisikiza sana."

Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia mwanamke huyu. Nilikuwa nayo marefu na mafupi, ya kupiga magoti na ya kusimama. Hakuna hata moja lililokuja. Nikasema, "Hukudanganya."

"Nilidanganya. Uliniuliza homa."

"Kwetu sisi homa ni mwili moto. Nilikuwa nakuuliza mwili moto, mama. Wewe ukanijibu pua, na ulijibu ukweli. Ile ya pua sisi tunaita mafua. Kosa lilikuwa langu. Lilikuwa langu lote."

Alisimama na jagi mkononi. Mtu wa pili kwenye safu alinyoosha mikono anawishwe, akaona nyuso zetu, akairudisha mapajani.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku Akisa alipoamka. Ulimwambia shangazi yake, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia."

"Kabla yule Bosi hajakuja kunigombeza?"

"Kabla."

"Na ukasimama hapo."

"Nilisimama."

Akaweka beseni chini, halafu jagi, akaliegemeza vizuri lisianguke. "Miaka hii yote bwana yangu akikasirika ananiambia ni mimi nilifunga masikio ya mtoto. Na mimi nanyamaza, kwa sababu ni kweli." Akatazama upande wa kaburi, udongo wake bado mwekundu. "Sista alijua?"

Nilitaka kumlinda Sista, lakini mara hii sikumlinda mtu yeyote, wala nafsi yangu. "Alijua."

"Kila Krismasi alikuja na sukari na kitenge. Nilifikiri ni upendo."

"Ulikuwa upendo."

"Na hii siri nayo ilikuwa ndani." Akapangusa mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Unangoja niseme yameisha."

Nikasema hapana, na sina hakika kama nilisema kweli.

"Mimi siwezi kusema. Masikio hayakuwa yangu." Akachomoa kitambaa kichwani, akakipunga mara mbili hewani. Msichana aliona, akaacha sahani, akaja akijipangusa maji kwenye sketi. Alikuwa na macho ya mama yake. Aliniinamia kidogo, kwa heshima, kama unavyomsalimu mgeni wa mbali.

"Mwambie," Mama Akisa akasema.

"Sijui lugha yake."

"Na mimi sikujua yako."

Mama Akisa akamgeukia binti yake, akamwonyesha mimi, kisha akaniambia kwa sauti iliyolegea kidogo, si kwa huruma, ila kwa uchovu, "Nitakuonyesha mbili tu. Si za shule, ni za nyumbani kwetu. Hizo zingine utatafuta mwenyewe." Akabana pua yake kwa vidole viwili na kuvitupa kando, kama mtu anayepenga. "Homa." Kisha akaweka mgongo wa mkono wake shingoni, chini ya taya, na kuuondoa haraka, kama umegusa sufuria. "Joto."

Niliyatazama maneno yale mawili. Moja usoni, moja shingoni. Katika nyumba ile hakuna mtu ambaye angeweza kuyachanganya.

Nikajionyesha mimi mwenyewe kwa kidole. Nikashusha mkono mpaka kwenye goti, kuonyesha mtoto mdogo, nikamwonyesha yeye. Akaitikia kwa kichwa: ameelewa. Nikamwonyesha mama yake, nikabana pua na kutupa vidole, nikapunga mkono: hapana, haikuwepo. Akaitikia tena, akiwa amekunja uso, akinifuatilia. Kisha nikaweka kiganja changu shingoni, nikajionyesha mimi, na hapo mkono wangu ukakwama.

Akisa akakataa kwa kichwa. Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vina ubaridi wa maji ya sahani, akaugeuza mkono wangu ili mgongo wake ndio uguse ngozi, si kiganja. Akaubana pale mpaka nikasikia damu yangu mwenyewe ikipiga. Alifanya kwa upole, kama mtu anayeamini ni adabu. Kisha akaniachia, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama nirudie.

Nikarudia, sawasawa.

Akafunga mikono kifuani, akangoja niendelee.